Safu ya Chini ya Masanduku Yako

Mpendwa nyieka,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu barua huanza hivyo, usije ukavimba kichwa huko uliko. Tangu siku ile Baba Ouma alipokuleta katika boma letu hapa Rongo, ukiwa na mfuko mmoja wa nguo na furushi la vitambaa, sikuwahi kukuita mpendwa. Nilikuita nyieka, yaani mke mwenzangu, kama mila inavyotaka. Nikikasirika nilikuita nyar Mbita, binti wa Mbita, kama boma zima lilivyokuita. Wewe uliitikia yote kwa sauti ile ile ya upole, na upole wenyewe ndio uliokuwa ukiniudhi kuliko kama ungenitukana.

Ukumbusho wako umepita, Awino. Wageni wamerudi kwao, sufuria zimesuguliwa, hema limekunjwa. Lakini kuna jambo limetokea mbele ya ukuta wako ambalo siwezi kumweleza mtu. Nikimweleza aliye hai, atanicheka au atanihurumia, na mimi vyote viwili sivitaki. Nimeona nikwambie wewe. Wewe ndiye uliyenitia kwenye mambo haya.

Kabla hujaja, nilikuwa fundi wa pekee katika boma hili na mke wa pekee pia. Unajua cherehani yangu ya kukanyaga pale sokoni. Watoto wengi wa shule za upande huu walivaa sare nilizoshona kwa mkono wangu. Basi, wakati mmoja nilipata kitambaa cha rangi ya krimu, kizito kiasi, kisichojikunja ovyo. Nikamshonea Baba Ouma shati. Kwa kitambaa hicho hicho nikajishonea blauzi. Tukaingia kanisani tumevaa sare, yeye mbele, mimi nyuma yake, na kina mama wakageuza shingo. Niliona raha, Awino. Sikuwa na mtu wa kugawana naye ile raha, na hapo ndipo utamu wake ulipokuwa.

Kisha akakuoa wewe. Kanisa halikumfukuza, lakini lilimwondoa kwenye kiti cha wazee, naye kwa kiburi chake akaacha kwenda kabisa. Mimi nikaendelea kwenda peke yangu. Blauzi ya sare bila mwenzake ni kama kiatu cha mguu mmoja, ukikivaa watu wanauliza kingine kiko wapi. Nikaikunja, nikaiweka chini kabisa ya sanduku langu la nguo.

Nakumbuka siku niliyoyaona masanduku yako kwa mara ya kwanza. Ulikuwa umekaa kwetu msimu mmoja tu wa mvua. Nilikuja kukurudishia ungo wako, nikabisha, ukasema karibu, nikaingia. Ukutani, mahali ambapo mimi kwangu nilitundika kalenda ya duka la mbolea, kulikuwa na masanduku yamepangwa juu kwa juu kama makreti ya soda. Kila moja lilikuwa limenitolea kona yake. Nilisogea karibu. Nikasogea tena. Kumbe ni kitambaa, viraka vitupu vimelala bapa kama chapati.

"Karibu kiti, nyieka," ukasema. "Hiyo nilifundishwa na kina mama wa nyumbani Mbita."

Nikakwambia ni kizuri, nikaondoka bila kuketi. Chai yako ilikuwa jikoni, niliisikia harufu.

Jioni hiyo Baba Ouma alirudi kutoka shambani kwenye miwa, akapita kwangu, akaingia kwako. Mlango wako ulikuwa wazi na mimi nilikuwa nikianua nguo kwenye kamba, kwa hiyo usiseme nilichungulia. Alisimama mbele ya ukuta. Akanyoosha mkono, akagusa kona ya sanduku moja kuhakikisha kama kweli imetokeza. Akacheka kama mtoto.

"Yawa! Nyar Mbita, hiki kitu kinanidanganya macho!"

Akagusa tena. Nilisimama na shuka mkononi. Mtu yule nilikuwa nimemshonea mashati, suruali, hata koti alilovaa kwenye harusi ya mdogo wake, na hakuwahi hata siku moja kunyoosha mkono kugusa kitu nilichoshona mimi, isipokuwa kunionyesha kifungo kilicholegea. Wivu watu husema uko moyoni. Wangu siku hiyo ulikuwa kwenye koo, ulikaa pale kama mfupa wa samaki, na hata ugali haukuushusha.

Usidhani nilikaa kimya. Nilijiambia, fundi mzima mimi, ninayeweka kola na zipu, nitashindwa na viraka vya mwanamke asiye na hata cherehani? Nikachukua vipande vyangu vizuri kuliko vyote: chekundu, buluu, kijani kibichi, vitenge vinavyong'aa. Nikakata, nikavipitisha kwenye cherehani. Pale ambapo kona tatu zinakutana, kitambaa kikajikusanya kama mdomo wa bibi aliyeng'oka meno. Nikafumua, nikashona tena. Hatimaye nikakitundika ukutani kwangu, na Ouma mwanangu, bila kuulizwa, akasema, "Mama, hii ni ludo?"

Ulikuja kesho yake kuniomba chumvi. Hukuwa umeishiwa chumvi, mimi najua. Ukatazama ukuta wangu muda mrefu, mikono umeifunga mgongoni.

"Vitambaa vyako ni vizuri kuliko vyangu, nyieka," ukasema. "Ni vile tu vyote vinaongea kwa sauti moja. Hebu finya macho."

"Nifinye macho kwani mimi ni mgonjwa?"

"Finya kidogo tu, kama mtu anaangalia jua."

Nikafinya, nikitaka umalize uende. Ile nyekundu ikapotea. Buluu ikapotea. Kilichobaki ukutani kwangu kilikuwa kijivu tupu, hakuna sanduku, hakuna kona, hakuna kitu. Kisha ukanishika mkono, ukanivuta mpaka kwako, ukanisimamisha mbele ya ukuta wako, ukaniambia nifinye tena. Masanduku hayakwenda popote. Juu mwanga, ubavu mmoja wa kadiri, ubavu wa pili giza. Yalizidi hata kutokeza.

"Rangi haina kazi hapa," ukasema. "Kazi ni ya mwanga. Na jua litoke upande mmoja, nyieka. Ukigeuza hata moja, linaanguka."

Nilijifunza kwako, hilo siwezi kulikana. Uliniketisha mlangoni pako, penye mwanga, ukanifundisha kukata karatasi kutoka kwenye majalada ya madaftari ya watoto, umbo la pembe nne lililolala ubavu, yote sawasawa. Kitambaa kinakunjwa juu ya karatasi na kushikizwa kwa uzi mrefu. Vitatu vinaunganishwa kwa mkono, ukingo kwa ukingo, mwanga na kadiri na giza, vinakuwa pembesita moja. Pembesita inaungana na jirani zake, na zikishashikana pande zote ndipo karatasi inachomolewa. Ulikata uzi kwa meno. Nilikukataza, nikakuletea mkasi wangu mdogo, na bado ukakata kwa meno.

Tulikaa pale mlangoni miaka mingi, mimi na wewe. Msimu wa njugu tulibambua njugu kwanza, halafu tukashona. Nilikuletea mabaki ya sare za shule, buluu nzito na ile nyekundu iliyokolea iitwayo damu ya mzee, na hayo ndiyo yakawa giza lako. Ndugu zako walipokuja kutoka Mbita na omena, dagaa wa ziwani, au ulipopita Sori kwa shangazi yako, ulirudi na vipande vya vitenge vilivyofifia, na hivyo ndivyo vikawa kadiri. Watoto wangu walikula kwako kuliko kwangu. Walisema mchuzi wako wa samaki una kitu. Niliuonja huo mchuzi. Ulikuwa na kitu, nikasema umezidi chumvi.

Halafu ikaja siku ya shati.

Ulikuwa umeanza kile kitambaa kikubwa, cha kufunika ukuta mzima wa sebule yako. Nilikuja na vipande vyangu, nikakaa, nikatazama sehemu za mwanga ulizokwisha kushikiza. Zilikuwa krimu. Nilikijua kile kitambaa kabla hata sijakishika. Ndani ya beseni, chini ya nyuzi, ilikuwepo kola, kola yangu, na mshono wangu wa mistari miwili.

"Hii umetoa wapi?"

"Baba Achieng amenipa. Amesema ni shati halina kazi."

Baba Achieng! Kwako alikuwa Baba Achieng, kwangu Baba Ouma, mtu mmoja mwenye majina mawili na shati moja lisilo na kazi. Niliinuka nikaenda zangu. Hatukuongea mpaka mahindi yakakomaa. Ulipoona nimekaza, ulikuja na sahani ya ngege iliyofunikwa, ukaiweka mezani kwangu, ukabaki umesimama.

"Nyieka, sikujua ilikuwa sare. Ouma ndiye ameniambia."

"Ungejua, ungeacha?"

Ukafikiri. Nilikuona ukifikiri kweli, si kwa adabu.

"Hapana," ukasema. "Mwanga wake ni mzuri sana."

Ni hapo tu, Awino, nilipokuheshimu bila kulazimishwa na mtu. Nilimla yule samaki. Nikakwambia blauzi yake bado ninayo, iko chini ya sanduku, na hakuna mkasi utakaoigusa.

"Basi nikiishiwa najua pa kuja," ukasema, ukicheka.

"Jaribu," nikakujibu.

Hukujaribu. Uliugua, ukakonda, ukawa unashona ukiwa umelala kwa ubavu, na kile kitambaa kikubwa kimekufunika miguu. Safu ya chini ilikuwa bado. Nilikuogesha, nilikusuka nywele, na sisemi ili unishukuru. Tulipokuzika, Baba Ouma alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kifuani mwake. Watu walimshika mabega. Mimi nilikuwa nimesimama pale na leso yangu kiunoni, na unajua nilichokuwa nawaza? Nilikuwa nawaza, siku akinizika mimi, atalia hivi? Mwenzako yuko shimoni na wewe unapima machozi. Nilipima. Sikuona kama ya kunililia mimi yatafika pale.

Mwaka ukapita. Achieng wako, ambaye siku hizi anafanya kazi Homa Bay mjini, akaja nyumbani kupanga ukumbusho. Akaniletea lile beseni.

"Mama mkubwa, nataka kazi ya mama iwe ukutani siku hiyo, ikiwa imeisha. Wewe ndiye unajua mkono wake."

Nikafunua beseni. Ulikuwa umeshakata na kushikiza vipande vyote vya kadiri na vya giza kwa safu ya chini, umevifunga kwa uzi, safi kabisa. Vya mwanga havikuwepo hata kimoja. Shati lilikuwa limekwisha.

Achieng akatafuta krimu Homa Bay, akaleta. Mimi nikaenda mpaka Migori, nikazunguka maduka ya vitambaa, nikaleta nyingine. Tulivilaza vipande chini ya kazi yako barazani, nikarudi nyuma, nikafinya macho. Safu ya chini iliruka peke yake, nyeupe kama meno ya bandia, na masanduku ya juu yake yakakaa kama yanaelea.

"Si iko sawa tu, mama mkubwa?" akasema Achieng. "Nani ataona?"

"Mama yako angeona."

Hakujua habari za blauzi. Ouma alikwisha kusahau. Baba Ouma, sidhani kama aliwahi kuikumbuka. Ningenyamaza tu, hakuna ambaye angenidai. Ukuta wako ungetundikwa na ukingo wake wazi, watu wangesikitika, wangesema maskini, alikufa kabla ya kumaliza, na mwanamke aliyemaliza kila alichokianza ningekuwa mimi. Wazo hilo nililifurahia, nyieka. Nililifurahia kwa siku kadhaa, nikienda sokoni na kurudi nalo.

Nilitoa ile blauzi sandukuni, nikaketi nayo mapajani. Ni kitambaa tu, nikajiambia. Lakini si kitambaa tu. Ni kitu pekee kilichobaki duniani kinachosema kwamba kulikuwa na wakati nilikuwa peke yangu, kwamba shingo zile ziligeuka, kwamba yule mwanamume alitembea mbele yangu akiwa wangu mzima. Ulichukua nusu ya mume wangu, ukachukua shati, ukachukua mate ya watoto wangu kwa mchuzi wako, ukachukua hata kilio cha siku ya mazishi. Sasa umekufa, na bado unakuja kwenye sanduku langu, kama ulivyosema.

Unajua kilichoniamua? Si upendo, usijidanganye. Kila nilipopita mlangoni pako niliona ule ukingo wazi, na mkono ukaniwasha. Na niliwaza hivi: mwanamke huyu siwezi kumtoa ukutani. Hayupo wa kugombana naye, nani agombane na marehemu. Basi kama siwezi kukushusha, na mimi nitapanda.

Blauzi ilikuwa imeingia umanjano kwa kukaa gizani. Niliifua kwa sabuni ya kipande, nikaianika juu ya nyasi, nikaigeuza, nikailowesha, nikaianika tena, mpaka ikakubali kufanana na shati lililopigwa na jua la kanisani na la shambani. Nikaanza kukata kwa nyuma, kama mtu anayeingia maji ya baridi. Mikono baadaye. Kifua mwisho. Nilishona kwa mkono, ukingo kwa ukingo, mlangoni pako penye mwanga, na kona zangu tatu zilikutana vizuri kuliko zako. Kagua ukitaka. Mshono wako ulilala kushoto, wangu unalala kulia, lakini nimekwisha kuweka blanketi jembamba ndani na leso kwa bitana, kwa hiyo hakuna atakayejua.

Siku ya ukumbusho dada zako walikuja kutoka Mbita. Waliingia sebuleni kwako, wakasimama, wakashika vinywa. "Nyar Mbita alikuwa na mkono!" Kila aliyeingia alisema hivyo. Achieng alijaribu, Mungu ambariki, alisema mama mkubwa amesaidia kumalizia. Wakanitazama, wakasema ero kamano, asante sana, wakageuka tena kukutazama wewe. Mimi nikabeba thermosi ya chai, nikaendelea kumimina.

Watu walipotoka kwenda kaburini kusikiliza maombi, Baba Ouma alibaki ndani. Ana mtoto wa jicho sasa, macho yote mawili, na mgongo wake umepinda. Alikuwa anatembea na fimbo, polepole, mpaka akafika ukutani. Alinyoosha mkono. Zamani angefika juu. Sasa mkono ulifika pale ulipoweza kufika, na ulifika chini.

Vidole vyake vilitua kwenye safu ya mwisho. Akapapasa ule ukingo wa krimu, akatafuta kona, akaifuata mpaka pale vipande vitatu vinapokutana. Akasugua kwa kidole gumba. Nilikuwa mlangoni na thermosi yangu.

Akacheka. Kile kicheko cha zamani, nyieka, kile kile.

"Awino, Awino," akasema. "Bado unanidanganya macho."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote tayari: kwamba si Awino, kwamba ni mimi, kwamba hiyo unayoshika ni blauzi ile, wewe mzee usiyekumbuka kitu. Wivu ulinipanda mpaka kooni, pale pale pake pa zamani. Halafu nikaona bado hajautoa mkono. Anaupitisha tu, sanduku kwa sanduku, safu yangu yote, kutoka ukuta hadi ukuta, kama mtu anayesoma.

Nikafunga mdomo. Nikamwacha.

Sasa kazi ni kwako kunyamaza, maana ni wewe tu ninayekwambia. Lala vizuri, nyar Mbita. Nakuonea wivu mpaka leo, na nitakuonea hata nikija huko. Lakini lile jina lako alilolitaja, lichukue, ni lako. Alichokishika kilikuwa changu.

Mimi nyieka wako,
Mama Ouma